Iowa City au Bloomington? Jibu refu kwa mnaoniuliza

Wiki hii nimeulizwa swali lile lile na watu wawili wasiojuana. Mmoja ni mdogo wangu wa Mwanza, kijana, hana mke hana mtoto, kapata admishini Indiana University pale Bloomington na University of Iowa pale Iowa City, kote anakwenda kusoma isimu, anataka nimwambie achukue ipi. Mwingine ni dada mmoja yuko Texas na mumewe na watoto watatu, makaratasi yao yako sawa, wamechoka na joto la huko na wanataka mji mdogo wa chuo maana wamesikia miji ya hivyo imetulia. Sasa mie nimekaa kote kuwili, Bloomington nilikwenda kama msaidizi wa kufundisha Kiswahili, Iowa City nimefuata mume na ndipo nilipo mpaka leo, kwa hiyo naandika mara moja tu halafu mgawane wenyewe.

Kwanza tusipotezane. Bloomington ninayoisema ni ya Indiana. Iko nyingine Illinois na nyingine Minnesota, ile yenye Mall of America, na namjua mtu aliyekata tiketi ya basi akajikuta Bloomington ya watu wengine saa tano usiku na masanduku yake mawili. Na Iowa City sio makao makuu ya jimbo la Iowa, yalikuwa hapa zamani mpaka 1857 yakahamishiwa Des Moines, jengo lao la bunge lenye kuba la dhahabu wakaachiwa chuo na mpaka leo liko katikati ya kampasi. Halafu University of Iowa sio Iowa State, hiyo nyingine iko Ames, na ukikosea mbele ya mtu wa hapa anakuangalia kama umemwambia Simba na Yanga ni timu moja.

Kwenye makaratasi hii miji ni mapacha. Sensa ya 2020 inasema Iowa City watu 74,828, Bloomington watu 79,168. Vyuo vyote ni vya umma, vyote vya zamani (Indiana 1820, Iowa 1847), vyote vinacheza ligi ya michezo ya vyuo iitwayo Big Ten. Kote kuna soko la wakulima Jumamosi asubuhi, kote kuna duka la ushirika la chakula lililoanzishwa miaka ya sabini na vijana wa nywele ndefu ambao sasa ni wazee wa nywele nyeupe, kote kuna jumba la zamani la sinema ambalo wananchi walichangishana hela lisigeuzwe kitu kingine. Na kote wanapiga kura tofauti na jimbo linalowazunguka, yaani mji unakukaribisha kwa mabango ya lugha saba halafu sheria zinatungwa Indianapolis au Des Moines na watu wenye mawazo mengine kabisa. Ndiyo maana ukiangalia picha na video huwezi kuchagua, zinafanana mno.

Kipimo changu mie ni kimoja, mwezi wa tano. Wanafunzi wakimaliza mitihani wakafunga mizigo wakaondoka, mji unabaki na nani?

Bloomington wanafunzi ni zaidi ya 47,000, sasa piga hesabu kwenye mji wa watu elfu themanini kasoro. Mwezi wa tano ukifika ni kama sikukuu Dar, ile watu wote wamekwenda mikoani na unaendesha gari Morogoro Road peke yako. Barabara ya Kirkwood ambayo juzi tu ulikuwa huwezi kupita inabaki na wazee wawili na mbwa. Wenyeji wanaupenda huo msimu, watakwambia ndio Bloomington ya kweli, wanakwenda Lake Monroe kuogelea, wanatembea kwenye B-Line ile njia ya miguu iliyokuwa reli, na kwa kweli ni raha kama una watu wako. Mie sikuwa na watu wangu. Marafiki zangu wote walikuwa wanafunzi au walimu, wakaondoka ndani ya wiki moja, nikabaki kwenye chumba nazungumza na feni.

Iowa City wanafunzi ni kama 31,000 hivi, nao wanaondoka vilevile, ila kuna hospitali kubwa ya chuo ambayo haifungwi mwezi wa tano wala Krismasi. Ile hospitali ndiyo inayolisha mji. Wauguzi, wasaidizi wa wauguzi, wapishi, wafua mashuka, wasukuma vitanda, madaktari kutoka kila pembe, watu wanaingia shifti na kutoka usiku na mchana mwaka mzima, na hao wanakaa hapahapa na familia zao na kwenye miji jirani ya Coralville na North Liberty ambayo ukitazama barabarani huoni mpaka, unashtukia tu kibao kimebadilika. Kwa hiyo Juni na Julai ndio mji unachangamka, Ijumaa jioni kuna muziki wa bure pale Ped Mall, hilo ni eneo la katikati lisiloingia magari, watoto wanarukaruka kwenye chemchemi ya maji, maktaba ya mji iko palepale inatazamana na uwanja, unakuta mama wa Kisudani na toroli la mtoto, vijana wa Kongo, mabibi wa Kizungu na viti vyao vya kukunja walivyobeba kutoka nyumbani.

Bloomington nayo sio kwamba haina kazi nje ya chuo, ipo. Cook Medical, kampuni ya vifaa vya hospitali, ilianzia hapo 1963 kwenye chumba cha kulala cha ziada na makao makuu bado yako hapo, na hospitali mpya ilifunguliwa mwishoni mwa 2021. Ila ugonjwa mzito mara nyingi unapelekwa Indianapolis, wakati Iowa City wanaletwa wagonjwa kutoka jimbo zima. Kwa familia ambayo mmoja atasoma na mwingine atafanya kazi, au wote mnataka kazi, tofauti hiyo utaiona kwenye hela. Na mdogo wangu, kumbuka ukija na viza ya mwanafunzi, F-1, kwa kawaida kazi yako ni ya kampasi tu, saa ishirini kwa wiki vipindi vikiendelea, na siku ukioa mkeo akaja kwa F-2, viza ya mwenzi wa mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi kabisa, kwa hiyo wewe hospitali kubwa au ndogo haikuhusu sana, usije ukaniambia sikukwambia.

Sasa Kiswahili, maana hili ndilo mnaloniulizia kwa kujificha. Mnaogopa upweke.

Bloomington Kiswahili kiko darasani. Indiana University imekuwa na masomo ya Afrika kwa miongo mingi, Kiswahili kinafundishwa mpaka ngazi za juu, kuna kituo cha kitaifa cha vifaa vya kufundishia lugha za Kiafrika, kuna hazina ya kanda za muziki wa asili ambayo ukiingia unaweza kukaa kutwa unasikiliza ngoma zilizorekodiwa kabla babu yako hajazaliwa. Nilikuwa na kijana wa Kimarekani kutoka shamba la nguruwe, ananiamkia shikamoo mwalimu mpaka dukani, mbele za watu, ameinama kidogo. Nilimpenda sana yule. Lakini tukitoka darasani ni Kiingereza, na Watanzania na Wakenya niliowakuta walikuwa wachache kiasi kwamba tukipika pilau sufuria moja inatosha na kubaki.

Iowa City Kiswahili kiko kwenye mashine za kufulia. Yaani siku ya kwanza nimekwenda kufua nguo nikasikia nyuma yangu mama mmoja anamfokea mtoto, "kuya hapa!", nikageuka, tukaanza kuongea, kumbe wa Bukavu. Akanicheka, akasema mie naongea Kiswahili ya kitabu. Kuna Wakongo wengi sana hapa na Cedar Rapids, na wa Burundi na Rwanda pia, na Wasudani ndio usiseme. Huyu Mazahir Salih, mama aliyezaliwa Sudan, alishinda kiti cha baraza la mji 2017, na kabla ya hapo alishiriki kuanzisha kituo cha haki za wafanyakazi ambacho ukidhulumiwa mshahara ndio unakimbilia. Kaunti ya Johnson ilianza kutoa kitambulisho chake yenyewe 2015 ili hata asiye na leseni awe na kitu cha kuonyesha. Makanisani Jumapili unasikia Kilingala, Kifaransa na Kiswahili ibada moja, na Waislamu msiwe na wasiwasi, misikiti ipo miji yote miwili. Ila usitegemee Kiswahili cha Pwani, dada. Wanao watarudi nyumbani wanasema "aksanti" na "niko muzima", na wala sio vibaya.

Chakula nacho kinafuata hapohapo. Bloomington utakula vizuri mgahawani, Fourth Street kuna nyumba za kawaida zilizogeuzwa migahawa, Wathai, Wahindi, Watibeti. Watibeti wa Bloomington ni hadithi ya peke yake, kaka yake Dalai Lama, Thubten Jigme Norbu, alikuwa profesa pale chuoni na ndiye aliyeanzisha kituo cha utamaduni wao 1979, kwa hiyo unaendesha gari kwenye vichaka vya Indiana mara unaona stupa nyeupe, mnara wa ibada wa Kibudha, na bendera za sala. Iowa City migahawa iko ya kutosha lakini raha yenyewe iko kwenye maduka ya Kiafrika, dagaa, samaki mkavu, mawese, na pondu ya kugandishwa ambayo ni kisamvu tu kimebadilishwa jina. Kitu kitakachokuudhi ni ugali. Iowa ndiyo jimbo linaloongoza kwa mahindi Marekani nzima, ukitoka nje ya mji umezungukwa na mahindi mpaka yanakutisha, halafu sembe huipati, kwa sababu mahindi yenyewe ni ya njano ya kulishia nguruwe na kutengenezea mafuta ya gari. Utanunua unga mweupe wa Walatino, unakubali, ila ule mwepesi uliokwisha kupikwa unatoa ugali wenye mlenda, angalia pakiti.

Baridi. Bloomington ina nafuu, iko kusini zaidi, ina vilima na misitu, na mwezi wa kumi majani yakigeuka rangi, ukaenda Brown County kule jirani, utapiga picha mpaka simu ijae. Iowa City ni upepo. Hakuna kitu cha kuuzuia kutoka Nebraska mpaka kwenye shingo yako. Mwishoni mwa Januari 2019 baridi ilifika mahali chuo kikafuta vipindi, na chuo cha huku kufuta vipindi kwa baridi ujue hali sio ya kawaida. Nunueni buti kabla ya koti, watu wote wanakuja na koti zuri na raba. Na kimbunga kipo, Aprili 2006 kilipita Iowa City katikati kabisa kikaezua kanisa, kwa hiyo king'ora kikilia shuka beizimenti, usitoke kurekodi video. Halafu kabla hujasaini nyumba yoyote karibu na Iowa River waulize majirani mto ulifika wapi 2008. Mafuriko yale yaliua ukumbi mkubwa wa maonyesho wa chuo, Hancher, ikabidi wajenge mwingine juu zaidi, ukafunguliwa 2016.

Usafiri niseme haraka. Iowa City mabasi ya mji yamekuwa bure kwa kila mtu tangu Agosti 2023, hakuna kadi hakuna kitambulisho, unapanda tu, lakini Jumapili usiyategemee. Bloomington wanafunzi wa chuo wanapanda kwa kitambulisho chao, wengine mnalipa nauli ndogo. Treni ya abiria hakuna kote. Uwanja wa ndege Iowa City ni nusu saa, pale Cedar Rapids, ila tiketi bei mbaya, wengi tunaendesha mpaka Chicago kama kilomita 350. Bloomington unakwenda Indianapolis kilomita themanini na barabara sasa ni nzuri. Na kitu ambacho hakuna anayekwambia, saa. Bloomington iko nyuma ya Tanzania saa saba wakati wa joto na nane wakati wa baridi, Iowa City ni nane na tisa. Saa moja tu, lakini ukitoka kazini saa kumi na moja jioni Bloomington unamkuta mama bado hajalala vizuri, Iowa City unampigia saa saba usiku anadhani kuna msiba.

Nyumba ni vita kote kuwili na sababu ni moja, wanafunzi wanasaini lizi, yaani mkataba wa kupanga, mwezi wa kumi kwa nyumba watakayoingia Agosti inayofuata. Ukija Juni na matumaini yako unapewa mabaki. Bloomington karibu na kampasi kodi zinapanda kwa sababu wazazi wanalipa. Nilikaa kwenye apatimenti moja huko, mwenye nyumba simtaji, tukatoka tumepiga deki tumesafisha mpaka ndani ya oveni, akakata depoziti yote kwa ajili ya zulia ambalo tulilikuta na doa lilelile. Sikuwa na picha. Piga picha kila kona siku ya kwanza, hata dari. Iowa City ina kichekesho chake, lizi nyingi zinaisha mwisho wa Julai na nyingine zinaanza siku moja au mbili baadaye, kwa hiyo kuna usiku ambao nusu ya vijana wa mji hawana kwao, wanalala kwenye magari na magodoro yako njia ya miguu. Usiku huo ndio wa kutafuta fanicha. Meza yangu ya kulia niliiokota, kochi pia. Bloomington wamejipanga zaidi, vitu wanavyoacha wanafunzi vinakusanywa na kuuzwa bei chee kwenye mnada wa Agosti wanaouita Hoosier to Hoosier, nenda alfajiri.

Mdogo wangu, kuhusu starehe sasa. Kama unapenda muziki hakuna mjadala, Bloomington. Shule ya muziki ya chuo, Jacobs, ina maonyesho mamia kwa mwaka na mengi ni bure, unaingia Jumanne usiku na kandambili zako unasikiliza mtu anapiga piano ambaye miaka mitano baadaye watu watamlipia mamia ya dola. Septemba kuna tamasha la Lotus, tangu 1994, wanakuja wanamuziki wa dunia nzima, na niliwahi kuona watu wa Indiana wanacheza ngoma za Sahara kwenye maegesho ya magari wakiwa wamelegea kabisa. Aprili kuna Little 500, mbio za baiskeli zilizoanza 1951, timu za watu wanne wanapokezana baiskeli moja mizunguko mia mbili, na wiki nzima hiyo mji umelewa, usipange mtihani wala usafiri.

Kama unapenda vitabu basi ni Iowa City. Ule mkondo wao wa kufundisha waandishi ulianza 1936, na kuna programu ya waandishi wa kimataifa tangu 1967 inayowaleta waandishi kutoka nje ya Marekani wakae hapa msimu mmoja, wakiwemo wa Afrika, na wanasoma kazi zao duka la vitabu la Prairie Lights bila kiingilio. UNESCO wakaipa jina la mji wa fasihi 2008, wa tatu duniani. Baa kama hujafika miaka 21 unatolewa saa nne usiku, sheria ya 2010, vijana wanaichukia, sisi wenye watoto tumenyamaza tu.

Na kuna kitu kimoja cha Iowa City ambacho Bloomington haina jibu lake, hata mpira wao wa kikapu na mataji yake matano hayafiki. Jumamosi ya mechi ya futiboli ya Kimarekani uwanja wa Kinnick unaingiza watu karibu elfu sabini, majirani wanakodisha bustani zao za mbele ziwe maegesho, mzee anakaa na kiti chake na kibao cha bei. Hospitali ya watoto imejengwa pembeni, ndefu, inauchungulia uwanja. Tangu 2017, robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima unageuka, watu wa timu zote mbili, wachezaji na waamuzi, wanapunga mikono kuelekea madirishani, na kule juu watoto waliolazwa wanapunga nao. Nilikuwa naiona kwenye simu nikadhani ni mambo yao ya kujionyesha. Halafu mtoto wa jirani yetu Mkongo akalazwa, tukaenda kumtazama Jumamosi hiyo, nikawa upande wa dirishani. Mama yake hajui mpira ule unachezwaje mpaka leo. Alisimama akapunga mikono yote miwili, na kanga mabegani.

Kwa hiyo mdogo wangu, wewe peke yako, unayesoma isimu, unayetaka walimu wanaojua ngeli ni nini kabla hujawaeleza, chukua Bloomington, ila panga mapema utakuwa wapi mwezi wa tano, tafuta kozi ya kiangazi au kazi ya maktaba, usibaki na feni kama mie. Wakikupa hela zaidi Iowa basi usione haya kufuata hela, isimu wanafundisha pia.

Dada wa Texas hakusubiri hata nimalize kuandika. Jana kanitumia ujumbe, wamelipa depoziti Coralville, ghorofa ya pili, shule wanakwenda kwa miguu. Sasa anauliza kama wataruhusiwa kuweka jiko la mkaa kwenye balkoni. Hawataruhusiwa. Njooni mchome kwangu.